Mpaka Uvira

"Kadiri ninavyojua mimi, boti ya Kagunga haijaondoka." Maneno ya namna hii utayasikia Gungu, hapa Kigoma, kila siku, sokoni, barazani, kwenye bodaboda, na mara nyingi yanapita bila mtu kuyatia maanani. Mimi huyasikiliza kwa makini, kwa sababu mwanzo wake hufanya kazi mbili zinazopigana. Yuko anayesema "kadiri ninavyojua" ili akuonyeshe macho yake yalipoishia: nimetoka bandarini Kibirizi sasa hivi, boti nimeiacha inapakia, yaliyotokea baada ya hapo usiniulize. Na yuko anayesema vilevile ilhali Kibirizi hajafika tangu juzi. Anataka kusema jambo asilolijua, na anataka usimlaumu likigeuka. Wa kwanza amekupa kitu unachoweza kukipima. Wa pili amekuachia mzigo wake na kuondoka.

Tofauti hiyo nimeitafakari kwa muda mrefu, na sijapata mahali inapoonekana wazi kama katika ziwa letu lenyewe. Ziwa Tanganyika lilichukua zaidi ya miaka ishirini kujibu maswali yaliyoulizwa juu ya maji yake, na majibu yaliyotolewa katika miaka hiyo yanaonyesha karibu kila namna ambayo binadamu anaweza kusema ajualo, au kusema zaidi ya ajualo.

Februari 1858 wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji. Burton alikuwa hajiwezi miguu, Speke alikuwa haoni vizuri kwa maradhi ya macho. Swali lao lilikuwa hili: upande wa kaskazini wa ziwa kuna mto, Rusizi, je, unaingia ziwani au unatoka? Ukiwa unatoka, basi huenda maji ya Ujiji ndiyo mwanzo wa Nile, na sifa ya kugundua jambo lililotafutwa tangu enzi za Wagiriki ingekuwa yao. Ukiwa unaingia, hakuna sifa hiyo.

Ujiji haukukosa watu wa kuulizwa. Ulikuwa mji wa Wajiji wenye mitumbwi, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofuata pembe na, kwa aibu ya historia, watumwa. Mji wa chumvi ya Uvinza, mawese na samaki. Mwezi Machi Speke alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge, pwani ya magharibi, kumwomba Sheikh Hamid bin Sulayyim jahazi lake. Jahazi hakulipata. Alirudi na habari: Sheikh amefika kaskazini na ameuona mto mkubwa ukitoka ziwani. Pale Ujiji alikuwepo pia mtu Burton anayemwita Sayfu, aliyeueleza mdomo wa mto huo na mahali unapoelekea kama mtu aliyesimama ukingoni mwake. Mashahidi wawili, habari moja. Mahakama ngapi zingetosheka hapo?

Aprili wakapanda mitumbwi miwili pamoja na Kannena, mkuu wa Kawele, wakaelekea kaskazini. Tarehe 26 walifika Uvira, na kutoka hapo mdomo wa Rusizi si mbali hata kwa kasia. Hapo ndipo habari zilipobomoka. Wana watatu wa Sultani Maruta, mtawala wa hapo, walikuja kuwaamkia wageni. Wakaulizwa juu ya mto. Wote watatu walikuwa wamefika, na wote wakasema Rusizi inaingia ziwani. Kisha akasema Sidi Mubarak Bombay, mkalimani, kwamba Speke hakumwelewa Sheikh Hamid. Sheikh alisema mto unaoingia. Na mwishowe Sayfu, yule shahidi wa macho, akakiri kwamba hajawahi kuvuka Uvira wala hakuwa na nia ya kuvuka.

Wapiga makasia walikataa kuendelea kwa kuogopa watu wa mbele. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi hata kusema kulimshinda. Wakageuza mitumbwi, na mto wenyewe hawakuuona.

Mimi humfikiria sana Sayfu. Simchukii. Huenda aliyoyasema Ujiji aliyasikia kwa watu anaowaamini, akayasimulia mara nyingi hata yakawa kama yake. Mtu akisimulia safari ya mwenzake mara nyingi huanza kusikia makasia. Kosa lake ni kwamba alifuta mahali habari ya kusikia ilipounganishwa na ya kuona, akatoa vyote kama kitambaa kimoja. Lakini kule Uvira, mbele ya watu waliokuwa wamefika kweli, alitoa ushahidi wake wa kwanza wenye thamani: nilikofika mimi ni hapa. Kwa wapelelezi wale sentensi hiyo ilikuwa na faida kuliko maelezo yote ya siku mbili za mwendo wa mto aliyokuwa amewapa, maana iliwaambia jambo la kweli ambalo lingeweza kuwaongoza.

Na Bombay humfikiria zaidi. Alikuwa Myao, alichukuliwa utotoni akauzwa hadi India, akarudi Zanzibar mtu mzima. Kwa Speke, ambaye Kiswahili na Kiarabu hakuvijua, maneno yote ya Sheikh Hamid yalipita kinywani mwa Bombay kwa Kihindustani. Kwa hiyo alipozungumza Uvira alikuwa na haki ya kuzungumza: yeye ndiye aliyesikia. Tena alisema mambo mawili, na Burton, ambaye hakuwa mtu wa kuwasifu wasaidizi wake ovyo, ameyaandika yakiwa yametengana. La kwanza, Sheikh alisema mto unaingia. La pili, Bombay mwenyewe anaamini kwamba Sheikh hajawahi kusafiri kupita Ubwari, kusini mwa Uvira. La kwanza alilisikia kwa masikio yake. La pili ni rai yake, na alilisema kama rai. Mwanamume aliyeuzwa akiwa mtoto, asiyekuwa na shule wala chuo, alijua kutenga haya mawili kule kwenye pwani ya Uvira, huku mabwana aliowatumikia wakiendelea kuyachanganya kwa miaka.

Maana Burton hakuishia hapo. Speke alikwenda hadi Mwanza, akaliona Ziwa Victoria mwezi Agosti 1858, akatangaza kwamba mwanzo wa Nile ni huo. Urafiki ukavunjika, ukageuka uadui wa hadharani. Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala ambamo wangekutana uso kwa uso mjini Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Na mwaka huohuo Burton akaandika kwamba Rusizi inatoka Tanganyika, na kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Hakuwa amerudi ziwani. Wana wa Maruta, ambao ushahidi wao yeye mwenyewe aliuandika kitabuni, aliwaweka kando. Kwa maoni yangu hili ni zito kuliko lile la Sayfu. Sayfu alisema asilolijua. Burton alikuwa ameambiwa na waliofika, akalihamisha alilolijua kwa sababu lilimpa ushindi adui yake, hata akiwa kaburini.

Swali la Rusizi lilimalizika kwa njia rahisi kabisa: watu walikwenda kuangalia. Novemba 1871, baada ya mwandishi wa habari Stanley kumkuta mpelelezi Livingstone pale Ujiji, walichukua mtumbwi wakaenda wote wawili hadi mdomo wa mto. Rusizi inaingia. Wana wa Maruta walikuwa wamesema kweli miaka kumi na tatu nyuma. (Hata siku ya kukutana kwao Ujiji inaonyesha jambo lilelile. Stanley katika kitabu chake aliandika 10 Novemba. Daftari la Livingstone linaielekeza Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepotewa na hesabu ya siku, kwa homa na safari, na kila mmoja aliandika tarehe aliyoiamini.)

Hapo mtu angesema somo limekwisha: nenda ukaangalie. Lakini ziwa lilikuwa na swali jingine, na hili ndilo lililonifundisha mimi kwamba hata kuona kuna mpaka wake.

Kama maji hayatoki kaskazini, yanatoka wapi? Mito mingi inaingia Tanganyika, Malagarasi peke yake ikiwa mto mkubwa. Lazima maji yaende mahali. Mei 1874 Verney Lovett Cameron, aliyekuja kumtafuta Livingstone akakuta amekwisha fariki, alizunguka upande wa kusini wa ziwa hadi Lukuga, pwani ya magharibi, mahali ulipo mji wa Kalemie leo. Aliingia ndani kidogo akazuiwa na majani yaliyoelea. Akasema: huku ndiko maji yanakotoka. Mwaka 1876 Stanley alirudi, akazunguka ziwa lote kwa boti yake, akafika Lukuga palepale. Hakuona mto unaotoka. Aliona hori lililozibwa na mafunjo, maji yamelala. Akaandika kwamba ziwa halijatoka hapo bado, ila linapanda na siku moja litatoka. Kisha Edward Hore, baharia wa Misheni ya London aliyekuja kukaa Ujiji mwaka 1878, alikwenda Lukuga mwaka 1879. Aliukuta mto mkali ukikimbia kutoka ziwani kuelekea Kongo.

Watu watatu, mahali pamoja, majibu matatu, na hakuna aliyedanganya. Kizuizi cha mchanga na mafunjo kilikuwa kimeziba Lukuga kwa miaka, maji yakapanda nyuma yake, kikapasuka. Baada ya hapo ziwa likashuka kiasi cha mita 10 katika miaka isiyozidi ishirini, na pwani ya Ujiji ikasogea mbali na mahali mitumbwi ilikokuwa ikifungwa. Tena hata Lukuga ikiwa wazi hutoa sehemu ndogo tu ya maji. Sehemu kubwa kabisa hupanda angani kwa mvuke wa jua. Mlango mkuu wa kutokea maji, uliotafutwa kaskazini na magharibi, ulikuwa juu ya vichwa vyao.

Kwa hiyo "kadiri nijuavyo" iliyo sahihi haitaji tu mahali ulipofika. Inataja pia siku. Cameron angeweza kusema: nilivyoona Mei 1874. Stanley: nilivyoona 1876. Wakisema hivyo hawapingani hata kidogo. Kila mmoja anampa Hore kipande cha kuelewa mto ulivyopasuka. Ukiondoa tarehe, wanakuwa waongo wawili na mkweli mmoja, na hujui yupi ni yupi. Wavuvi wa Kibirizi wanalifahamu hili bila kuambiwa na yeyote. Ukimuuliza mvuvi kama kuna migebuka, hasemi ziwa lina migebuka. Anasema jana usiku, upande ule, kulikuwa nayo.

Mashehe wa Ujiji nao wana desturi ya kumaliza jibu kwa kusema "Wallahu aalam", Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Anayestahili kuisema ni yule aliyekwisha kufungua vitabu, akataja alikopata, akapima, kisha akainamisha kichwa mbele ya elimu iliyo juu yake. Ikisemwa na mtu ambaye hajafungua kitabu, inakuwa njia ya kufunga mjadala. Simu zetu zimezidisha namna hii ya pili. Mtu anatuma taarifa ya dawa, ya vita ng'ambo ya ziwa, ya mtoto aliyepotea, na juu yake ameandika "sijui ukweli wake, nimeletewa tu". Anadhani amejitoa. Hajajitoa, amewapa watu mia habari isiyo na mwenyewe.

Lakini mahali ambapo maneno haya yananigusa zaidi si kwenye simu, ni kwenye karatasi za kiapo.

Kigoma ni mkoa wa mpakani. Familia nyingi za Ujiji na Gungu zina asili ng'ambo ya maji: Wamanyema, Wabwari, Wabembe na Wagoma waliovuka vizazi vingi vilivyopita, Waha nao wana jamaa upande wa Burundi tangu kabla mpaka haujachorwa. Wakimbizi wamekuja kwa makundi makubwa tangu 1972. Kwa hiyo mtu wa huku akiomba Kitambulisho cha Taifa huulizwa maswali, na serikali ina haki ya kuuliza. Shida ni kwamba majibu mengi hayamo katika cheti chochote. Mtu mwenye umri wa miaka sitini alizaliwa nyumbani, mikononi mwa wanawake wa mtaa, na wanaojua jambo hilo ni vikongwe wawili watatu waliobaki. Basi bibi mmoja anaombwa aape.

Karani anachapa. Kwamba namfahamu mwombaji tangu kuzaliwa kwake. Kwamba alizaliwa tarehe fulani. Kwamba baba yake alizaliwa mahali fulani. Kwamba babu yake vilevile. Na chini kabisa: yote niliyoyaeleza hapo juu ni kweli kwa kadiri ya ufahamu na imani yangu. Mazungumzo yanayofuata karibu kila mara ni haya:

"Bibi, weka dole gumba hapa."

"Mjukuu wangu, hiyo tarehe ndiyo siijui."

"Si tumeandika kadiri unavyofahamu, bibi?"

Na bibi anaweka dole. Angalieni kilichofanyika. Kuzaliwa kwa mtoto alikuona kwa macho yake. Tarehe amepewa na karani, au na familia. Kuzaliwa kwa baba aliambiwa na mama wa huyo baba, aliyekwisha kufariki. Kwa babu anakisia. Mambo manne yenye uzito mbalimbali yamemwagwa katika chungu kimoja, na maneno yaliyokusudiwa kuonyesha mpaka wa elimu yake ndiyo yaliyotumika kuufuta. Bibi alikuwa mwaminifu. Alisema waziwazi lipi halijui. Karatasi ndiyo iliyomfanya kuwa Sayfu wa Ujiji.

Sheria yenyewe haitaki hivyo. Kanuni za mashauri ya madai tulizorithi kwa Waingereza kupitia India zinataka kiapo kibaki katika mambo ambayo mwapaji anaweza kuyathibitisha kwa ufahamu wake mwenyewe. Imani yake hupokelewa katika maombi madogo ya kati tu, tena aseme imani hiyo imetoka wapi. Mahakama Kuu ya Uganda ililieleza jambo hili mwaka 1966 katika kesi ya Matovu, ambayo majaji wa Tanzania wanaitaja hadi leo: kiapo kibebe mambo ya hakika tu, kisibebe pingamizi, maombi, hoja za kisheria wala hitimisho. Mahakama yetu ya Rufani nayo, katika shauri la Salima Vuai Foum, ilisema kiapo kilichotokana na taarifa ya mtu mwingine kisitegemewe mpaka chanzo cha taarifa kitajwe. Wakili mzuri huandika mwishoni aya zipi mwapaji anazijua mwenyewe, na zipi ameambiwa na nani. Ni kazi ya Bombay pale Uvira, imewekwa katika sheria.

Viapo vya ofisini, vya vitambulisho na majina na tarehe za kuzaliwa, havifiki mbele ya jaji. Vinachapwa kwa haraka kutoka kwenye kopi ya zamani, jina moja likifutwa na jingine kuwekwa. Ndiyo maana maafisa hawaviamini sana, na kwa kutoviamini wanaomba vingine, na vingine vinachapwa vilevile. Mwombaji anazunguka. Nawaonea uchungu wote, hata afisa, kwa sababu amepewa karatasi ambazo hazina tofauti kati ya anayejua na asiyejua.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Maana yake ni kwamba bibi anaweza kusomewa kiapo chake neno kwa neno, na pale kinapovuka Uvira yake anaweza kusema simama. Ninachoomba ni kwamba akisema simama, karani aache kuchapa. Fomu iwe na sehemu ya niliyoyaona, na nilikuwa wapi nilipoyaona. Na sehemu ya niliyoambiwa, na jina la aliyeniambia.

Wengine watasema ushahidi uliokatwa namna hiyo utakuwa hafifu, kwamba bibi akikubali hajui tarehe atamwangusha mjukuu wa mwenziwe. Naona kinyume. Muulize bibi wa Gungu bila kumlisha tarehe, na atakwambia: mtoto yule alizaliwa usiku, nyumbani kwa mama yake; mwaka sikuuandika, ila ni ule ambao ziwa lilipanda likala mashamba ya kandoni, Uhuru tulikuwa tumekwisha kuupata. Hayo ndiyo anayoyajua, na hayana hata tarakimu moja. Lakini maji ya Tanganyika yalianza kupanda kwa mvua kubwa za 1961, na yakafika kilele mwaka 1964. Vipimo vya kina cha ziwa vimeandikwa. Afisa anayetaka kuhakiki maneno ya bibi ana mahali pa kuanzia.